Viungio vya Mabehewa na Kazi ya Yadi katika Reli za Marekani, 1873–1904

Wepesi wa kupanga mabehewa ya mizigo katika reli za Marekani ulitegemea kipande cha chuma kilichokuwa mwishoni mwa kila behewa kuliko nguvu ya injini. Behewa la nafaka liliweza kupita katika njia za kampuni kadhaa kabla ya kufika lilikotumwa, na yadini lilitenganishwa na treni moja na kuunganishwa na nyingine.

Kwa miaka mingi mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini. Mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa mawili, akaielekeza pete ya chuma kwenye tundu la behewa lililokuwa likisogea, kisha akatumbukiza pini na kuutoa mkono kabla vyuma havijagongana. Aliyechelewa alipoteza vidole, na pengine uhai. Mwaka 1889 Rais Benjamin Harrison aliliarifu Bunge kwamba katika mwaka ulioishia Juni 1888, zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa reli walikufa kazini na zaidi ya 20,000 walijeruhiwa. Si wote walioumia kwa pete na pini, lakini kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoogopwa mno.

Dawa ilikwishapatikana. Mwaka 1873 Eli Janney wa Virginia alipata hataza ya kiungio kilichofanana na vidole vilivyokunjwa, ambacho kilijifunga chenyewe mabehewa yalipokutana. Kwa nini, basi, sheria ilichelewa kwa miaka 20? Ubahili wa kampuni ni sehemu tu ya jibu. Kampuni iliyobadili viungio vyake haikufaidika kikamilifu maadamu mabehewa ya jirani yalibaki na pete. Isitoshe, wavumbuzi walikuwa wengi, na viungio vyao mara nyingi havikushikana. Hata kiungio cha Janney kiliachiwa mwanya wa kupokea pete na pini, ili mabehewa mapya yaungane na ya zamani. Kwa hiyo katika kipindi cha mpito mfanyakazi aliendelea kuingia palepale penye hatari.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 2 Machi 1893 iliagiza viungio vya kujifunga vyenye kufunguliwa bila mtu kuingia kati ya mabehewa. Muda wa utekelezaji uliongezwa hadi tarehe 1 Agosti 1900. Siku nne tu baadaye, huko Promontory, Utah, mhudumu wa breki aitwaye Johnson aliagizwa kuunganisha injini na behewa la chakula. Vyote viwili vilikuwa na viungio vya kujifunga, lakini vya aina mbili zisizopatana. Alijaribu kutumia pete na pini, na mkono wake ukapondwa hata ukakatwa.

Mahakama ya rufani ilimkatalia, kwa hoja kwamba kila chombo kilikuwa na kiungio kilichotakiwa. Hoja hiyo ilitimiza maneno ya sheria na kuliacha kusudi lake. Mwaka 1904 Mahakama Kuu ilitengua hukumu hiyo: viungio vilipaswa kufungana kimoja na kingine, na injini nayo ilihesabiwa kuwa behewa. Katika yadi, mfanyakazi aliyesimama kando akivuta wenzo aliweza sasa kuliachia behewa lililosukumwa, likabingirika lenyewe hadi kwenye njia yake.