Manamba wa Buha: Asili ya Neno

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalijitafutia vibarua au kuwatumia mawakala. Katika mwaka wa 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda ofisi moja ya kuwaandikisha kwa niaba ya wote, nayo ikajulikana kwa jina la SILABU. Buha, yaani nchi ya Kasulu na Kibondo, ambamo Busunzu imo, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa watu wengi, wakasafiri mbali kwenda mashamba ya mashariki.

Kila aliyeandikwa alipewa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba. Namba yenyewe haibadiliki katika wingi. Lakini hapa imetiwa ma-, mfano wa makuli na makarani, ikawa jina la watu, na hata la mtu mmoja. Kwa mwenye shamba namba ilirahisisha hesabu. Kwa Muha ilishika mahali pa jina lake. Ndiyo maana neno lililozaliwa daftarini likapata sauti ya dharau. Ofisi ile imekwisha zamani; neno limo kamusini hata leo.