Ndovu Aliyedidimia: Uchu wa Ukubwa Jukwaani na Bara

Wagogo wana hadithi juu ya jina la mji wao. Wanasimulia kwamba ndovu mmoja alishuka mtoni kunywa maji. Alipokwisha kunywa akataka kuondoka, lakini miguu yake ilikuwa imekwama katika tope. Akajivuta, akazama. Akajivuta tena kwa nguvu zaidi, akazama zaidi. Watu waliokuja kutazama wakasema “idodomya”, yaani amedidimia. Na pahala pale, kwa mujibu wa masimulizi, pakaitwa Dodoma.

Wanaochunguza asili ya majina ya miji waweza kuijadili hadithi hiyo watakavyo. Sisi tunaoishi na mashairi na tamthilia tunaisoma kwa jicho jingine. Ndovu yule hakuwa mwovu. Alikuwa na kiu, na kiu si kosa katika nchi kavu ambayo mvua zake huja msimu mmoja tu wa mwaka, baina ya Disemba na Aprili. Kilichomwangamiza ni uzito wake mwenyewe, pamoja na ile dhana ya kila mwenye nguvu kwamba akizidisha nguvu atanasuka. Sijapata kusikia muhtasari mfupi zaidi wa kile ambacho wataalamu wa tamthilia hukiita tanzia ya mtawala.

Tanzia za namna hiyo ziliingia katika Kiswahili kwa kishindo katika muda usiofika miaka kumi. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari; akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la “Juliasi Kaizari”. Mwaka 1968 S. S. Mushi akatoa “Makbeth”, na mwaka 1971 akamleta “Mfalme Edipode” wa Sophocles, Myunani wa kale. Nchi ilikuwa changa, viti vya enzi bado vinanukia rangi mbichi, na wasomaji wake walikuwa tayari wamepewa kwa lugha yao wenyewe hadithi za watu walioangamia juu ya viti hivyo.

Tumtazame kwanza Makbeth, kwani yeye ndiye anayefanana mno na ndovu wetu. Mchezo unapoanza ni shujaa ambaye kila mtu anamsifu. Duncan ni mfalme wake, ni jamaa yake, na usiku ule ni mgeni wake. Vifungo vitatu ambavyo hata mtu duni huviheshimu. Makbeth mwenyewe anavihesabu. Anajua kwamba hana dai lolote dhidi ya mzee yule, na anakiri kuwa hakuna kinachomsukuma ila kutaka makuu. Hapo ndipo ufundi wa Shakespeare ulipo: hakumficha mtu huyu ukweli. Wachawi walimtabiria ufalme lakini hawakumpa kisu, na mkewe alimchochea lakini hakuumshika mkono. Alikwenda akiwa macho.

Baada ya hapo yatazame mauaji yake kwa mpango wake. La kwanza lilimpatia kitu: taji. La pili, la Banquo, halikumpatia kitu kipya; lilikuwa la kulilinda lile la kwanza. La tatu, la mke na watoto wa Macduff, halikuwa na faida wala kinga yoyote, kwani Macduff mwenyewe alikwisha kukimbia. Mtu alianza kuua kwa sababu ya pato, akaendelea kwa sababu ya hofu, akamalizia kwa sababu ya mazoea. Kila hatua ya kujinasua ni hatua ya kuzama. Mwisho wake hana usingizi, hana rafiki, na anapoletewa habari ya kifo cha mkewe hana hata nafasi ya kulia. Kiti anacho, lakini hapana siku moja katika mchezo mzima tunapomwona akikikalia kwa raha.

Hapa lugha yetu inatupa jambo la kufikiri. Mfasiri wa michezo hii hukutana mapema na neno ambalo Kiswahili hakina kipande kimoja cha kulilipa. Tunasema tamaa, tunasema uroho, tunasema uchu. Lakini uchu, kwa asili, ni hamu ya kitoweo, hasa nyama. Na uroho ni ugonjwa wa mtu kwenye sinia. Kwetu kutaka ukubwa ni jambo la tumbo. Waganda nao husema Kabaka anapotawazwa kwamba “amekula Buganda”. Waarabu wana neno “himma”, nia ya juu inayomwinua mtu. Nalo lilipovuka bahari likafika kwetu likiwa “hima”, ambalo wengi leo hulitumia kwa maana ya haraka tu. Tumebaki na jina la kiu mbaya, na lile la kiu njema likayeyuka katika pupa. Kule bara Wanyamwezi na majirani zao wanamwita mtawala “mtemi”, na wengi hulihusisha neno hilo na kutema, yaani kukata, kama tusemavyo kutema kuni: mtu afyekaye pori watu wapate kukaa, au akataye shauri watu wapate kutulia. Kwa Wagogo mtemi alikuwa mlinzi wa kigoda na mawe ya mvua. Heshima yake ilitokana zaidi na kuombea nchi mvua kuliko na wingi wa mikuki. Baina ya kukata kwa ajili ya wengine na kula kwa ajili ya nafsi, ndipo ilipo njia panda ya kila shujaa wa tanzia.

Walakini ipo hatari ya kusoma michezo hii kama mafunzo mepesi ya “tamaa mbele, mauti nyuma”. Mchezo wa Kaizari unatuzuia. Brutus ni mtu mwema, na anamuua rafiki yake si kwa alichokitenda bali kwa anachohofia kuwa atakitenda akivishwa taji. Kisha anasimama mbele ya umma na kuutaja uchu wa Kaizari kuwa ndio sababu. Antonio anapopanda baada yake analirudia shtaka lile, na kulirudia tena, mpaka linageuka mikononi mwake na kuwa silaha dhidi ya waliolitunga. Matokeo ni nini? Watu watatu wameketi mezani wakitia alama majina ya watakaouawa, wakibadilishana roho za jamaa zao. Aliyeuawa ili asiwe mfalme amezaa wafalme watatu.

Somo la pili la tanzia, basi, ni hili: kumwita mwenzio mwenye uchu ni mojawapo ya njia za kale za uchu wenyewe. Makbeth wa historia aliitawala Scotland kuanzia mwaka 1040 hadi 1057; alimshinda Duncan vitani, hakumchinja kitandani, na ufalme wake ulitulia kiasi cha yeye kuweza kwenda kuhiji Roma mwaka 1050. Lakini mchezo uliandikwa wakati mfalme wa Uingereza alikuwa James wa Kwanza, aliyejinasibu na kizazi cha Banquo. Mshindi ndiye aliyeamua nani aitwe jambazi wa kiti.

Sisi wa pwani tunalijua jambo hilo tangu zamani. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa anawindwa kwa sababu mfalme wa Pate anahofia kwamba atautaka ufalme. Anayemuua ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa cheo na mke. Tazama uchu wa kweli umekaa wapi: si kwa aliyeshtakiwa, bali kwa aliyeshtaki na kwa kijana aliyenunuliwa. Na yule kijana hakukipata alichoahidiwa.

Tukitoka Ugogo kuelekea magharibi, katika uwanda ule ule wa kati ambao misafara ya babu zetu ilipita ikifuata pembe za ndovu, twafika Unyamwezi. Huko, karne ya kumi na tisa, tanzia hii ilichezwa bila jukwaa. Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, alitaka wafanyabiashara waliokaa Tabora walipe ushuru. Wafanyabiashara hao, wengi wao wakiwa na mizizi Unguja na Omani, wakamng'oa na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sele akatangatanga na vita vyake hadi Ugogo, mpaka akauawa mwaka 1865. Hapana shaka Tabora alisemwa kuwa mkorofi mwenye kutaka makubwa.

Kisha akainuka Mirambo. Alirithi utemi mdogo wa Uyowa, akaupanua kwa vijana wapiganaji walioitwa rugaruga, akajenga mji wake Urambo. Mwaka 1871 vita vikawaka baina yake na wafanyabiashara wa Tabora, vikaendelea hadi mwaka 1875. Njia ya Ujiji ikazibwa, Tabora ikachomwa sehemu, na baraza za Unguja zikawa na jina moja tu la kulaani. Lakini nani alimfundisha Mirambo kwamba utemi wa Unyanyembe ni kitu cha kunyang'anywa kwa bunduki? Sisi, au waliotutangulia, tulikuwa tumekwisha kumwonyesha.

Hata hivyo haki itutake tuseme pia upande wa pili. Mirambo alikuwa na akili ya utawala na alitaka uwanda ule uwe na sauti moja mbele ya wageni. Lakini chombo alichokitumia kilikuwa na tumbo. Rugaruga walilishwa kwa nyara. Nyara zilihitaji vita. Vita vilizaa maadui. Na maadui walihitaji rugaruga zaidi. Akawa hawezi kusimama. Alipofariki tarehe 2 Disemba 1884, himaya ile haikuchukua muda kumeguka, na miaka michache baadaye Wajerumani walipopanda bara hawakukuta mbele yao Unyamwezi mmoja. Alikuwa ndovu wa kweli, na tope lake lilikuwa damu ya jirani zake.

Turejee Dodoma. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie huko, katikati ya nchi, mbali na bandari na anasa zake. Kwa hiyo mji uliopewa jina, kama wasemavyo, na kudidimia kwa ndovu ukachaguliwa kuwa kiti cha enzi. Na aliyekuwa kiongozi wa uamuzi huo ndiye yule yule mfasiri wa “Juliasi Kaizari”.

Mtu huyo alikuwa na pande mbili, na msomaji mwadilifu hatazificha. Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, aliuacha uwaziri mkuu kwa hiari. Lakini mwaka huo huo serikali ya Tanganyika ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na mwaka 1965 katiba ikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Aliyefasiri hotuba ya Brutus alijua jinsi hofu ya kesho inavyoweza kumhalalishia mtu jambo la leo. Pengine alijua kuliko wengi.

Sisi wa Visiwani tuna tarehe yetu katika mji huo. Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma, Mzee Aboud Jumbe alijiuzulu urais wa Zanzibar na nyadhifa zake nyingine, katika mvutano juu ya muundo wa Muungano. Wapo waliomwona amevuka mpaka. Wapo waliomwona alitaka tu suala la nchi yake lijadiliwe. Miaka mingi imepita na baraza zetu bado hazijakubaliana, wala makala haya hayatazipatanisha. Nataka tutazame jambo moja: aliingia katika ukumbi ule akiwa rais, akatoka akiwa raia, akaishi, akaandika kitabu chake, hadi alipofariki Agosti 2016. Makbeth hakupata mlango wa namna hiyo.

Na mwaka huo huo wa 1984 katiba ya Muungano ilirekebishwa, rais akawekewa ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Mwaka 1985 Mwalimu akaondoka Ikulu, ingawa uenyekiti wa chama alibaki nao hadi 1990. Mwaka 1995 Mzee Ali Hassan Mwinyi akawa wa kwanza kuondoka kwa nguvu ya ukomo huo.

Huo ndio mstari ambao Scotland ya Makbeth haikuwa nao. Tanzia haituambii kwamba watu wema hawana kiu. Inatuambia kwamba hapana mtu, hata awe shujaa kiasi gani, atakayenasuka kwenye tope kwa kutegemea nguvu zake mwenyewe, na kwamba wanaosimama ukingoni wakipiga kelele “ana uchu, ana uchu” mara nyingi wanasubiri pembe. Wahenga wetu mabaharia walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kazi ya katiba, na kazi ya fasihi vilevile, ni kumkumbusha mwenye chombo kuhusu ngama angali bado yuko omo, upepo ukiwa mwema na sifa zikivuma.

Wagogo hawakusimulia kwamba yuko mtu aliyemtupia ndovu kamba. Labda walikuja wamechelewa, au labda walimwogopa. Lakini walilihifadhi neno, wakaliacha juu ya mji, ili kila aendaye huko kutafuta maji aulizwe na jina lenyewe kabla hajashuka mtoni.