Kikapu cha Udongo, Chungu cha Maji: Hadithi Zisizo na Kiongozi Ufukoni mwa Mweru

Michezo ya kusimulia hadithi kwa kuchomoa kadi, bila mtu mmoja wa kuwaongoza wenzake, huelezwa kuwa uvumbuzi wa juzi wa Uingereza na Amerika Kaskazini. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 iliweka mezani msimamizi anayejua siri zote na kuamua kila jambo. Mwaka 1993 Once Upon a Time ilimfanya kila mchezaji kuwa msimulizi: ukisikia mwenzako anataja kitu kilicho kwenye kadi yako, unamkatiza na kuichukua hadithi. The Quiet Year ya Avery Alder, ya mwaka 2013, hutumia karata 52 za kawaida. Kila karata ni wiki moja katika maisha ya jamii ndogo, na aliyeichomoa hana budi kujibu swali lake. Yote hayo ni kweli. Lakini kanuni yenyewe, kwamba kitu kiamshe hadithi na kila sehemu ya hadithi iwe na mwenyewe, ilikwisha kufanya kazi zamani ufukoni mwa Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo, tena kwa mambo mazito kuliko burudani.

Tuchukue kisa cha Nachituti, kinachojulikana kote katika bonde la Mto Luapula, unaoingia Mweru. Nkuba, mkuu wa Washila, wavuvi waliolishika ziwa kabla ya Walunda kuja kutoka magharibi, alimwua mtoto wa Nachituti, dada yake mwenyewe. Mama huyo akamwendea Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, amlipizie kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Vitu viwili tu, na ndani yake umo mkataba mzima. Mlunda huanzia hapo kueleza haki ya kutawala. Mshila naye huanzia hapo hapo kukumbusha ziwa lilikuwa la nani. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006 na kukipa jina la zawadi hiyo ya Nachituti, ameonyesha jinsi kisa hiki kilivyoendelea kutajwa watu walipobishania ardhi na samaki. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1951 kwamba Luapula kila ukoo una historia yake, na wa kuisimulia ni mwenyewe. Tena mrithi huchukua jina la marehemu na kusema “mimi” anapoeleza matendo ya mtu aliyefariki vizazi vingi nyuma. Hakuna mchezo wa kuigiza uhusika ninaoujua ulioifikisha nafsi ya kwanza umbali huo.

Mtu anaweza kusema kwamba kikapu na chungu si kadi, kwa kuwa havipangwi upya. Jibu lipo kwa Waluba wa Kongo, upande wa pili wa Mweru, wenye lukasa: kibao cha mbao kinachoenea kiganjani, kimepambwa shanga na simbi. Mtaalamu wa Mbudye, chama cha watunza historia, hukishika kwa mkono wa kushoto na kuzifuata shanga kwa kidole cha mkono wa kulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mkuu na watu wake. Mstari wa shanga, njia ya safari. Shanga hazihami, ila masimulizi hubadilika kwa kadiri ya msomaji na shughuli iliyowakusanya watu. Kazi ambayo kwenye karata hufanywa na bahati, hapa hufanywa na hadhira.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Luapula ina kiongozi wa hadithi, naye ni Mwata. Kweli, Mwata Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula, aliacha historia ya Walunda kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, iliyochapishwa mwaka 1951, na kila Julai sherehe ya Mutomboko pale Mwansabombwe hutukuza ushindi wa Walunda. Hata hivyo kitabu hicho ni historia ya mfalme na watu wake. Hakikuzifuta historia za koo, kwani ni mwaka huo huo Cunnison alipoeleza kwamba kila moja ina mwenyewe. Enzi ni jambo moja, na haki ya kusimulia ni jambo jingine.

Basi walimu wa Nchelenge, ufukoni mwa Mweru, wanaotaka kuwafundisha watoto kusimulia wasingoje kadi za kuagizwa ng'ambo. Wachore kikapu, chungu, mtumbwi na wavu, kisha kila mtoto apewe nafasi ya kuanza na alichosikia kwao, na kadi ya chungu, yaani ya ziwa, wasimnyime mtoto wa Kishila.