Kutoka Borom Sarret hadi Mandabi: Lugha ya Mafukara wa Dakar katika Filamu za Ousmane Sembène

Mwaka 1934 serikali ya Ufaransa ilitoa amri, ijulikanayo hadi leo kwa jina la waziri wa makoloni Pierre Laval, iliyomlazimu kila mtu aliyetaka kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika kuomba kwanza idhini ya watawala. Matokeo ya amri hiyo yalidumu kwa muda mrefu. Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walipotaka kupiga filamu yao ya kwanza, iliwabidi waipige Paris, nayo ikatoka mwaka 1955 kwa jina la Afrique-sur-Seine. Mwafrika aliweza kupigwa picha nchini mwake, lakini hakuweza kuipiga mwenyewe. Senegali ilipata uhuru mwaka 1960, na miaka mitatu baadaye ndipo mitaa ya Dakar ilipoonekana katika filamu ya mwananchi.

Filamu hiyo ni Borom Sarret ya Ousmane Sembène. Ni fupi, yapata dakika ishirini, nayo yasimulia siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi. Asubuhi anawapakia jirani zake wasiolipa. Anampeleka mja mzito hospitali. Vijisenti alivyovichuma anamtunza malenga aliyemsifia ukoo wake. Anambeba mtu mwenye maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini, na huko mlinzi anamzuia mfiwa kwa kuwa hati zake hazikukamilika. Mwishowe anakubali kumpeleka bwana mmoja Plateau, mtaa wa wenye nafasi, ambako mikokoteni imekatazwa. Askari anamsimamisha. Nishani ya vita ya mwendesha mkokoteni inaanguka chini, na askari anaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa. Mtu huyu anarejea nyumbani na farasi wake tu, na mkewe anampa mtoto amshike, kisha anatoka akiahidi kwamba usiku huo watakula.

Wahakiki wengi wameilinganisha filamu hii na ile ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948 kuhusu mwizi wa baiskeli mjini Roma, na ulinganisho huo una msingi: katika zote mbili fukara ananyang'anywa chombo ambacho bila hicho hana kazi. Lakini mwanaisimu hana budi kuuliza swali jingine. Je, mwendesha mkokoteni huyu anasema lugha gani? Jina la filamu ni la Kiwolofu: borom ni mwenye, na sarret ni neno la Kifaransa charrette lililokwisha kuzoea matamshi ya Kiwolofu. Mwenye mkokoteni, basi. Hata hivyo mawazo yake yote, malalamiko yake na hata hofu yake mbele ya askari, tunayasikia kwa Kifaransa. Macho yanaona Dakar, ilhali masikio yanasikia lugha ambayo mtu wa namna hiyo hakuijua vizuri, au hakuijua kabisa. Kasoro hiyo yajitokeza tena katika La Noire de... ya mwaka 1966. Humo Diouana, mtumishi wa nyumbani aliyepelekwa Antibes na mabwana zake Wafaransa, anawaza kwa Kifaransa fasaha kinachotoka kinywani mwa mwigizaji mwingine. Msiba wenyewe wa Diouana ni kwamba hawezi kujieleza kwa waajiri wake. Filamu kwa upande wake inampa ufasaha ambao ungalimwokoa.

Haifai kumlaumu Sembène kwa haraka. Fedha na mitambo vilitoka Ufaransa. Tena uhalisia wa Italia wenyewe uligongana na tatizo hilohilo: Luchino Visconti alipowaacha wavuvi wa Aci Trezza waseme lahaja yao ya Sisilia katika La terra trema mwaka 1948, Waitalia wengine hawakuwaelewa, ikabidi iongezwe sauti ya msimulizi wa Kiitalia sanifu. Kwa Sembène, hata hivyo, jambo hili lilikuwa zito zaidi. Huyu ni mtu aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akahudumu katika jeshi la Ufaransa, akawa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, kisha akaenda kujifunza filamu Moscow akiwa amekwisha kupita umri wa ujana, kwa sababu alitambua kwamba watu aliowaandika hawakuweza kumsoma. Alizoea kuiita sinema shule ya jioni. Shule ya jioni iliyofundishwa kwa lugha wasiyoijua wanafunzi ingewafaa nini?

Jibu lilikuja mwaka 1968 katika Mandabi, iliyotokana na hadithi yake mwenyewe, Le Mandat. Kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka katika taasisi ya sinema ya Ufaransa, filamu ilipigwa kwa matoleo mawili, moja la Kifaransa na moja la Kiwolofu. La Kiwolofu ndilo lililoingia katika historia. Jina lenyewe ni somo la mofolojia: nomino ya Kifaransa mandat, na nyuma yake kibainishi cha Kiwolofu bi. Hawala ile.

Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na watoto saba, hana kazi. Mpwa wake Abdou, mfagiaji wa barabara Paris, amemtumia hawala ya faranga 25,000. Kati ya hizo Dieng ana ruhusa ya 2,000 tu; 3,000 ni za mama yake Abdou, na 20,000 ni akiba ya kijana mwenyewe. Kabla Dieng hajapata habari, wake zake wamekwisha kukopa mchele dukani kwa dhamana ya hawala hiyo, na mtaa mzima unajua. Posta wanataka kitambulisho. Polisi wanasema kitambulisho hakitolewi bila cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ofisi ya mji nayo inataka tarehe, na Dieng hajui siku aliyozaliwa wala mwezi. Msomaji wa Kenya, aliyesikia habari za kipande kwa wazee wake, hahitaji kuelezwa mambo haya. Mpiga picha anakula fedha zake na kumtoa damu puani. Mwishowe Mbaye, jamaa yake msomi mwenye gari, anachukua wakala, anazitoa fedha, kisha anadai kwamba ameibiwa.

Uhalisia wa filamu hii umo zaidi katika mgawanyo wa lugha kuliko katika matambara na vumbi. Nyumbani, dukani na msikitini ni Kiwolofu: majigambo ya Dieng, ujanja wa wake zake, dua za waombaji. Penye meza ya karani, Kifaransa kinatawala. Barua ya Abdou mwenyewe haiwezi kusomwa na aliyeandikiwa. Yabidi alipwe mwandishi wa barua anayekaa posta. Hivyo mtazamaji wa Dakar aliona mambo mawili kwa mara moja: kwamba lugha yake yaweza kubeba kichekesho, hila na huzuni, na kwamba nje ya mlango wa ofisi haina thamani. Mwaka huohuo wanafunzi na wafanyakazi wa Dakar waligoma, na chuo kikuu kikafungwa. Haifai kudai kwamba filamu ilitabiri mgomo. Vyote viwili vilitoka katika jiko moja.

Serikali ya Senghor haikupuuza jambo hili la lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sembène na mwanaisimu Pathé Diagne walitoa gazeti la Kiwolofu, Kaddu. Baadaye filamu yake Ceddo ilipigwa marufuku nchini kwa sababu rasmi kwamba jina lake limeandikwa kwa d mbili, ilhali kanuni za serikali zilitaka moja. Wengi waliamini kwamba kilichoogopwa hasa ni jinsi filamu hiyo ilivyoonyesha kuingia kwa Uislamu. Huenda. Lakini Sembène alikataa kuifuta herufi hiyo.

Hadithi ya Dieng ilifika Afrika Mashariki pia, pale Amandina Lihamba wa Tanzania alipoigeuza tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, mwaka 1980. Hapa pana jambo ambalo wahakiki wetu hawajalitazama vya kutosha. Tanzania ya wakati huo ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili lugha ya ofisi za serikali, kwa hiyo ule mpaka wa Kiwolofu na Kifaransa hauwezi kuhamishwa vivyo hivyo jukwaani. Karani na mwombaji wanaelewana kila neno. Karani anauliza cheti kiko wapi, kwa Kiswahili sanifu, na mwombaji anajibu kwamba hana, kwa Kiswahili hichohicho, kisha anaambiwa arudi kesho.