Konzi moja ya udongo halisemi shamba zima: somo kutoka kwa wachimba dhahabu



Mwaka wangu wa mwanzo kazini nilikosea. Nilichota udongo mahali pamoja tu kwenye shamba la mzee mmoja, ukapimwa, nikamwambia ardhi yake haina tindikali, apande tu. Mahindi yakatoka mafupi na ya manjano. Baadaye ndipo nikajua kuwa pale nilipochota pakichomwa taka, na jivu hupunguza tindikali. Mzee alipoteza mbegu na jasho la msimu mzima.

Kosa hilo wachimba dhahabu walishalifanya zamani, kwa hasara kubwa zaidi.

Dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, iligunduliwa mwaka 1886. Kabla ya kuchimba kipande cha mwamba, watu wa mgodi walichukua sampuli pembezoni mwake, wakapiga wastani, kisha wakaamua kama kitalipa. Lakini dhahabu haikutandazwa sawasawa ardhini: sehemu nyingi zina kidogo, chache zina nyingi mno. Chukua mfano wa sampuli tano zenye gramu 1, 1, 2, 2 na 44 kwa tani. Wastani ni gramu 10, lakini hakuna hata sampuli moja iliyo karibu na 10, na ile ya katikati ni 2 tu. Sampuli moja imeharibu hesabu yote.

Mwaka 1951 mhandisi Danie Krige alitoa andiko lake juu ya jambo hili. Alilinganisha makadirio ya migodi na dhahabu iliyotoka kweli. Akaona kuwa vipande vilivyosemwa ni tajiri sana kwa kawaida vilitoa pungufu, na vilivyosemwa maskini vilitoa zaidi. Dawa yake: sampuli chache zisiaminiwe peke yake, zitazamwe pamoja na za jirani na hali ya mgodi mzima. Mfaransa Georges Matheron akaijengea njia hiyo hesabu kamili na kuipa jina la Krige. Leo watafuta madini huitumia, na wachora ramani za udongo pia.

Jambo jengine lilionekana karibu na kwetu, ng'ambo ya bahari. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alieleza kuwa udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, kama pete za mnyororo. Ramani yake ya udongo wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1936. Ukiitazama Pemba utamwelewa: mikarafuu juu, mpunga bondeni, na uwanda wa mawe wa Micheweni ni ardhi nyengine kabisa. Ukitia udongo wa kilimani na wa bondeni ndoo moja, utapata jibu la shamba ambalo halipo.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chokaa au mbolea:

1. Gawa shamba: kilimani, mtelemkoni, bondeni. Kila sehemu na ndoo yake.
2. Chota mahali 10 hadi 15 kwa kwenda upande huu na huu, kina cha sentimita 20.
3. Epuka penye jivu, zizi, njia na jaa la taka.
4. Changanya vizuri, chukua kama nusu kilo, anika kivulini, andika jina na sehemu.
5. Jibu likija la ajabu, lilinganishe na la jirani wa mtelemko huo huo. Likipishana sana, pima tena kabla ya kutoa fedha.

Nawe mfanyabiashara unalijua hili. Hununui mchele kwa kutazama mdomo wa gunia. Hutia bambo juu, kati na chini. Shamba nalo litiwe bambo.