Kisiwa cha Morisi: Mti, Muwa na Mtumwa

Katika masomo ya historia tumezoea kuhesabu wafalme na vita. Lakini inchi yenyewe nayo ina historia yake, na katika kisiwa kidogo twaweza kuisoma upesi, maana pale deni la mababu huwafikia wajukuu bila kukawia. Tutazame basi kisiwa cha Morisi, katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska.

Waholanzi walipofika mwaka 1598 hawakukuta mtu hata mmoja. Walikuta msitu wa miti ya ebeni, na dodo, ndege mkubwa asiyeweza kuruka. Mabaharia walimla, ni kweli. Lakini adui zake wabaya zaidi walikuwa panya, nguruwe na nyani walioshuka merikebuni, wakala mayai yake yaliyotagwa chini. Baada ya mwaka 1662 hatuna tena habari ya kuaminika ya mtu aliyemwona. Waholanzi walileta miwa toka Java mwaka 1639, wakakata ebeni, na mwaka 1710 wakahama.

Wafaransa walikitwaa kisiwa mwaka 1715. Walinunua watumwa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa, huko pwani, kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Pierre Poivre, msimamizi wa serikali tangu 1767 mpaka 1772, aliona hatari ya shoka, kwani alisadiki kwamba mlima usio na miti hukosa maji. Kwa amri ya mwaka 1769 kila mwenye shamba alipaswa kuacha robo ya ardhi yake iwe msitu.

Waingereza wakaja mwaka 1810, na faida ya sukari ikashinda amri. Watumwa walifunguliwa mwaka 1835. Wahindi wakaletwa kwa maelfu kulima miwa, na msitu ukazidi kukatwa. Ndipo inchi ilipojibu. Mbu wa malaria, ambaye zamani hakuwako, aliletwa na merikebu. Akakuta mifereji ya mashamba na madimbwi yaliyo wazi juani, akazaa. Mwaka 1867 homa iliua watu zaidi ya 30,000. Wenye mali walihamia Curepipe, kwenye baridi ya juu. Maskini wakabaki chini.

Kati ya maskini hao alikuwa amefanya kazi Padri Jacques-Désiré Laval, aliyekuwa mganga Ufaransa kabla ya upadri. Alifika mwaka 1841, akajifunza Kikreoli, akafundisha wakatekista kati ya wale waliotoka utumwani. Alikufa mwaka 1864, na Papa Yoane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1979. Pale wenye mashamba walipoona mikono ya kazi, yeye aliona watu. Nasi twafikiri kwamba shoka lililomaliza ebeni na mnyororo uliomfunga mtumwa vilitoka katika moyo mmoja, unaouliza tu: kitu hiki kitanipa nini?

Malaria ilishindwa kisiwani baadaye. Kipanga wa Morisi, ambao mwaka 1974 walijulikana 4 tu porini, wamelelewa na watu hata leo ni mamia. Lakini msitu wa asili ulio mzima haufiki sehemu 2 kwa 100 za kisiwa, na dodo harudi.

Kitabu cha Mwanzo chafundisha kwamba Mungu alimweka mtu bustanini kusudi ailime na kuitunza. Wandugu, tumehubiri sana kulima. Tusisahau neno la pili.