Shabaha: Bunduki na Mwananchi katika Nchi ya Meru

Bunduki haikuingia katika nchi ya Meru kama mchezo. Ilikuja kwanza mabegani mwa watu wa misafara ya pwani, nayo ilikuwa gobore: chombo cha kushindiliwa baruti mdomoni, chenye kishindo kikubwa na shabaha haba. Waarusha na jirani zao Wameru walikuwa na mkuki na ngao, na zaidi ya hivyo walikuwa na mpango wa marika. Kijana hakujifunza silaha peke yake. Alijifunza pamoja na wenzake wa rika, mbele ya macho yao, chini ya ulezi wa waliomtangulia; na aliyekosea alikosea hadharani. Yafaa msomaji aukumbuke mpango huo, kwani tutaurudia.

Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa katika mteremko wa Meru. Kapteni Johannes akatoka Moshi na askari wake kulipiza kisasi. Watu waliuawa, migomba ikafyekwa, na ng'ombe wengi wakatekwa. Mwaka 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa eneo la Kilimanjaro na Meru, na katika miaka hiyo hiyo wenyeji walilazimishwa kujenga Boma la Arusha. Jengo hilo lipo hata leo, nalo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Hivyo ndivyo bunduki yenye shabaha ya kweli ilivyojulishwa kwa watu wa hapa: waliiona kwa upande wa mdomo.

Askari wa Kijerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, walibeba Mauser ya mwaka 1871, iliyopiga risasi moja tu kila ilipopakiwa. Ilitumia baruti nyeusi, na moshi wake ulimfichua mpigaji kila alipofyatua. Hata hivyo, tarehe 3 Novemba 1914, huko Longido, kaskazini ya Meru, jeshi la Waingereza lilishindwa kuwang'oa wenye bunduki hizo. Waingereza waliingia Arusha mwezi Machi 1916 tu. Vitabu vingi husifu makamanda wa Kizungu kwa mambo haya. Kwa maoni yangu sifa kubwa yamstahili yule askari aliyejua kutulia na kungoja, akiwa na risasi moja mtutuni.

Utawala ulibadilika, lakini mwenye bunduki hakubadilika. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu huko Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wananchi hawakujibu kwa silaha. Walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi hawakurudishiwa wakati huo, lakini kesi yao ilisikika duniani.

Mageuzi yalikuja baada ya Uhuru. Maasi ya askari ya Januari 1964 yaliwafundisha viongozi kwamba jeshi lililorithiwa kwa mkoloni haliwezi kuachwa kama lilivyo, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Kisha, baada ya Wareno kuivamia Guinea Novemba 1970 na Amin kutwaa madaraka Uganda Januari 1971, TANU ilitoa Mwongozo wa 1971, uliosisitiza kwamba ulinzi ni wa umma wenyewe. Mgambo ukaenea vijijini na viwandani. Mkulima wa kahawa, karani na mwalimu walisimama mstari mmoja wakijifunza kwata, ujanja wa porini, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza na, mwishoni kabisa, kulenga shabaha. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa 1978, mgambo walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuyafukuza.

Hapa ndipo rika linaporudi. Kijana anayeingia mgambo hapewi risasi siku ya kwanza. Hupewa kwanza bunduki tupu, aifungue, aisafishe, aifunge, alale nayo kifudifudi mpaka kiwiko chake kijue mahali pake. Kosa la mmoja huliadhibu kundi zima. Tena elimu yenyewe si ndogo. Risasi haiendi kama uzi ulionyoshwa: ile ya SAR, bunduki ya asili ya Kirusi ijulikanayo sana Tanzania, ikifika mita 300 huwa imeshuka zaidi ya mita moja chini ya mstari wa mtutu, na ndiyo sababu kilengeo hupandishwa kwa kadiri ya umbali. Mpigaji hutoa nusu ya pumzi, hutulia, kisha hukivuta kifyatulio polepole, asijue hasa ni lini mlio utatokea. Akikipiga kwa ghafla, mtutu huyumba. Walimu wa fizikia wangeweza kufundisha somo zima hapo, wala wasihitaji bunduki.

Siku hizi mashindano ya kulenga mbali yameenea duniani, na mwaka 2022 Ufaransa iliandaa ya ubingwa wa dunia. Mshindani hupiga vibao vya chuma vya umbali mbalimbali akiwa ameegemea ukuta, gogo au jiwe, naye amehesabiwa sekunde. Kwa Tanzania, mlango ni mwembamba: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka kila mwenye bunduki awe na leseni, na raia wengi huigusa bunduki mara ya kwanza katika mafunzo ya mgambo. Mshindani wa Ulaya aweza kufyatua risasi nyingi kwa siku moja. Mwanamgambo hupewa chache tu. Kila moja huandikwa inapotoka, na jioni maganda huokotwa nyasini na kuhesabiwa. Hesabu isipolingana, kundi zima hurudi kutafuta.